Kompyuta moja, watu watatu, saa tano: tathmini ya mashindano ya ICPC

Chuo kikiombwa kupeleka wanafunzi ICPC, swali la kwanza kwenye kikao cha idara huwa ni lile lile: wakishinda wanapata nini? Swali ni halali, ila limeanzia mkiani. Zawadi za mashindano haya ni za kawaida. Kilicho bora ni kanuni, hasa ile ya kompyuta moja kwa timu, ambayo wengi huiona ni ya kubana matumizi tu. Usimamizi nao huwa mzuri pale ambapo msimamizi amezisoma hizo kanuni, badala ya kuiga maputo na fulana. Tathmini hii ni kwa kocha anayefikiria kusajili timu, kwa mshiriki mwenyewe, na kwa mhadhiri anayeandaa mchujo wa chuo kwa utaratibu huo huo.

Kwa ufupi, ICPC (International Collegiate Programming Contest) ni mashindano ya kuandika programu za kompyuta kwa timu za vyuo vikuu. Mzizi wake ni shindano la mwaka 1970 katika Chuo Kikuu cha Texas A&M. Fainali ya kwanza ilifanyika Atlanta mwaka 1977, na kuanzia 1989 mashindano yakawa yanaratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Baylor. Wakongwe bado huyaita "ACM", kifupi cha chama cha wanakompyuta ambacho jina lake lilitangulia la mashindano kwa miaka mingi. Ngazi ni mchujo wa chuo, kisha nchi, kisha kanda, kisha fainali ya dunia, ambako kila chuo hupeleka timu moja tu hata kama kina timu tatu kali. Kwa Afrika na nchi za Kiarabu, kanda inafahamika kwa kifupi ACPC, na mara nyingi hatua yake ya mwisho hufanyika Misri. Fainali za dunia za karibuni zilikwenda Dhaka mwaka 2022, Luxor Aprili 2024, ambako fainali za misimu miwili zilichezwa kwa pamoja, Astana Septemba 2024, na Baku 2025.

Sasa kanuni yenyewe. Timu ni watu watatu, wanakaa meza moja, wanapewa kompyuta moja, kibodi moja na maswali kati ya 10 na 13, kwa saa tano. Anayeona mara ya kwanza hudhani waandaaji wamekosa mashine. Hapana, hapo ndipo mchezo ulipo. Saa tano ni dakika 300 za kibodi lakini ni dakika 900 za akili. Swali la wastani likichukua dakika 25 kuchapwa, kibodi haiwezi kubeba zaidi ya maswali 12 hata kama watatu wote ni majabali. Kwa hiyo timu inayoshinda siyo lazima iwe yenye wachapaji wa haraka, bali ile ambayo mtu hakai kwenye kibodi kabla hajamaliza kufikiri. Mwenye wazo nusu anakaa kando na karatasi. Mwenye wazo kamili, aliyekwisha kulieleza kwa mwenzake na mwenzake akashindwa kulitoboa, ndiye anayechapa.

Kosa kubwa la timu changa liko hapo hapo. Jibu likikataliwa, aliyeliandika anang'ang'ania kiti, anaongeza mistari ya kuchungulia thamani, anabadilisha alama ya kulinganisha, anatuma tena. Dakika 40 zinapotea na wenzake wawili wanasubiri kama abiria wa daladala iliyoharibika. Utaratibu sahihi ni kutuma msimbo, yaani maandishi ya programu, kwenye printa, kuinuka, na kusaka dosari kwenye karatasi kwa kalamu. Waandaaji wa maana huweka printa na vijana wa kupeleka karatasi mezani kwa sababu hii. Shindano lisilo na huduma ya kuchapisha limeivunja kanuni ya kompyuta moja bila kujua.

Hesabu ya alama nayo imetulia vizuri. Cheo hupangwa kwa idadi ya maswali yaliyotatuliwa. Timu zikilingana, huangaliwa jumla ya muda: kwa kila swali lililopatikana, dakika tangu mwanzo wa shindano hadi jibu lilipokubaliwa, na dakika 20 za adhabu kwa kila jibu la swali hilo lililokataliwa kabla. Swali ambalo halikupatikana kabisa halina adhabu, hata kama lilitumwa mara 15.

Tuchukue timu mbili zenye maswali matatu kila moja. Ya kwanza imepata dakika ya 18 bila kosa, dakika ya 57 ikiwa na kosa moja, na dakika ya 140 ikiwa na makosa mawili. Muda mtupu ni 215, adhabu ni 60, jumla 275. Ya pili imepata dakika ya 40, ya 95 na ya 131, bila kosa lolote: jumla 266. Ya pili inakaa juu kwa dakika tisa, ingawa kwenye maswali mawili ya mwanzo ilikuwa nyuma kabisa.

Kuna jambo jingine ndani ya hesabu hii ambalo makocha wengi hawalifundishi. Maswali mawili, moja la dakika 20 na jingine la dakika 60. Ukianza na fupi, muda ni 20 na 80, jumla 100. Ukianza na refu, ni 60 na 80, jumla 140. Tofauti ya dakika 40 ni sawa na majibu mawili yaliyokataliwa, na imetokana na mpangilio tu. Ndiyo maana dakika 15 za mwanzo watatu hugawana kijitabu cha maswali, mmoja akianza mwanzo, mmoja katikati, mmoja akirudi nyuma kutoka mwisho, wakitafuta swali jepesi. Maswali hayapangwi kwa ugumu. Jepesi kuliko yote linaweza kuwa la nane. Baada ya dakika 30 hivi, ubao wa matokeo unasema ukweli: timu 20 zikiwa zimepata swali fulani na nyinyi hamjalisoma, lisomeni.

Mfumo wa kupokea majibu hauelezi kosa liko wapi, unataja aina tu: jibu si sahihi, muda umezidi, au programu imeanguka ikiendeshwa. Hakuna nusu alama. Programu hupitishwa kwenye majaribio yote ya siri, na likigoma moja kati ya 80, jibu zima limekataliwa. Wengine huona ni ukatili, ila kwa mashindano ya timu kanuni hii inasaidia zaidi ya kuumiza, kwa sababu inaondoa ubishi wa alama na inalazimisha kufikiria pembe zote kabla ya kutuma.

Sababu za kukataliwa zinazojitokeza mara nyingi ni hizi. Kwanza ni ukubwa wa namba: namba nzima ya kawaida ya lugha ya C++ inaishia 2,147,483,647, na kuzidisha namba mbili za laki moja tu kunapita hapo. Tumia aina ndefu ya biti 64. Pili ni algorithimu, yaani mpango wa hatua za kutatua swali, iliyo ya pole pole: kama n ni 200,000 na una vitanzi viwili kimoja ndani ya kingine, ni hatua bilioni 40, ilhali kwa sekunde moja hesabia kama milioni 100 za hatua nyepesi. Tatu ni kusoma data. Ingizo kubwa linalosomwa kwa njia ya kawaida ya C++ bila kuzima ulinganifu wake na C, au matokeo yanayosukumwa nje kila mstari, huzidisha muda hata kama algorithimu ni sahihi kabisa. Kwenye Java tatizo ni Scanner, chombo cha kusomea ingizo ambacho ni cha pole pole. Kwenye Python ni kikomo cha kipande cha programu kujiita tena chenyewe, ambacho kwa kawaida ni 1,000. Mti wenye kina cha 100,000 unaiangusha programu papo hapo. Halafu kuna lile la aibu, kusahau kusafisha jedwali kati ya jaribio moja na linalofuata.

Lugha zinazoruhusiwa fainali ni C, C++, Java, Kotlin na Python. Python inakubalika, lakini hakuna ahadi kwamba kila swali linatatulika kwayo ndani ya muda uliowekwa. Timu yenye watatu wanaojua Python pekee inaanza ikiwa imefungwa mguu mmoja. Angalau wawili wawe na C++. Python ibaki kwa hesabu za namba kubwa mno na uchambuzi wa maneno, ambako inaokoa dakika nyingi.

Kijitabu cha marejeo, yaani karatasi za msimbo ambazo timu inaruhusiwa kuingia nazo, ni eneo ambalo kanuni za fainali zimeandikwa kwa unyoofu wa kuchekesha, na ni sawa. Kurasa 25 za A4, upande mmoja, namba ya ukurasa juu kulia, jina la chuo juu kushoto, na maandishi yasomeke kwa macho ya kawaida bila kioo cha kukuza kutoka nusu mita. Bila kipimo hicho cha nusu mita, wajanja wangeweza kuubana msimbo wa kitabu kizima ndani ya kurasa hizo. Ngazi za chini hutofautiana, kwa hiyo soma kanuni za kanda yako kabla ya kwenda kuchapisha. Ndani weka vitu virefu na vyenye kukosewa kwa urahisi: mtiririko wa juu kabisa kwenye grafu, mti wa vipande, jiometri ya mistari na poligoni, safu ya viambishi tamati, hesabu za baki. Usiweke Dijkstra, algorithimu ya kutafuta njia fupi kwenye grafu, kama hamuwezi kuiandika mkiwa na usingizi. Mkiihitaji kwenye karatasi, bado hamko tayari. Kila msimbo uwe umeshapita kwenye mfumo wa majaribio kabla ya kuchapishwa, kwa sababu dosari iliyoko kwenye kijitabu ndiyo ya mwisho kushukiwa.

Upande wa sifa za mshiriki, kanuni ni kali lakini zinaeleweka. Awe amesajiliwa chuoni kwa masomo ya shahada kwa angalau nusu ya mzigo wa kawaida. Aliyecheza fainali ya dunia mara mbili haruhusiwi tena, na aliyeshiriki hatua ya kanda miaka mitano naye basi. Kisha kuna kikomo cha umri au mwaka wa kuanza chuo: ukitimiza kimoja, unapita. Hiki cha mwisho kinawahusu sana wanafunzi wa kwetu walioanza chuo wamechelewa kwa sababu ya ada au kazi. Umri peke yake usiwakatishe tamaa, kama mwaka wa kuanza chuo unakubali. Na aliyekatiza masomo kwa ugonjwa au jeshi ana njia ya kuomba kuongezewa muda. Ombi hupitia kwa kocha na lina tarehe yake ya mwisho. Kocha anayelikumbuka wiki ya shindano amemnyima mtu nafasi.

Kocha ndiye anayebeba dhamana ya usajili na kuthibitisha kwamba wachezaji wana sifa. Shindano likianza, kazi yake imekwisha. Haongei na timu, hapiti karibu na meza, hapeleki maji. Wachezaji nao hawaruhusiwi kuzungumza na yeyote isipokuwa wenzao na wahudumu walioteuliwa, na mhudumu anaweza kusaidia jambo la mfumo tu, mfano maana ya ujumbe wa kosa, siyo swali lenyewe. Maswali ya fainali yako kwa Kiingereza, ila mezani Kiswahili ni ruksa, na kocha aifundishe timu kuelezana swali kwa Kiswahili. Aliyelielewa swali kweli ataweza kulieleza kwa lugha yake. Aliyelikariri atarudia maneno ya kijitabu cha maswali.

Usimamizi unahitaji nafasi zaidi, maana hapo ndipo michujo mingi huharibika.

Kanuni ya fainali inataja wazi makosa yanayoweza kuiondoa timu: kuhatarisha shindano kwa vitu kama kung'oa waya za umeme, kubadilisha vifaa vya shindano bila idhini, au kusumbua wengine. Kutajwa kwa waya za umeme hakukuja hivi hivi. Ukumbini zinatambaa ekstensheni kibao, na teke moja linazima safu nzima ya meza. Zibandikwe sakafuni kwa gundi pana ya nailoni, kila safu iwe na njia yake ya umeme, na seva iwe kwenye UPS (betri ya akiba) peke yake bila kuchangia na birika la chai. Swichi ya mtandao nayo iwe kwenye UPS. Wengi huilinda seva na kuisahau swichi. Umeme ukikatika seva inabaki inawaka bila mtu wa kuzungumza naye. Mkuu wa shindano ana mamlaka ya kuongeza muda yakitokea ya kutokea, lakini muda uongezwe kwa timu zote kwa usawa na utangazwe mapema, siyo zikiwa zimebaki dakika tano.

Kwa mfumo wa kupokea majibu, DOMjudge ni chaguo zuri: ni wa bure, ulianzia Utrecht, na unafanya kazi kwenye Linux. Uko pia PC², uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Jimbo la California, Sacramento, ambao ni mwepesi kusimika ila sura yake ni ya zamani. DOMjudge hupangwa vizuri kwa seva moja ya kupokea na mashine nyingine za kuhukumu. Hizo za kuhukumu ziwe pacha, kichakata kile kile, kasi ile ile. Ukichanganya kompyuta mpya na ya zamani, programu moja itakubaliwa hapa na kukataliwa kule, na hakuna maelezo yatakayoiridhisha timu. Laptopu zisitumike kuhukumu. Zikipata joto zinapunguza kasi zenyewe. Kikomo cha muda kipatikane kwa kuendesha majibu ya waamuzi kwenye mashine hizo hizo, kuchukua lililo la pole pole zaidi kati ya yale yanayostahili kupita, kisha kuzidisha mara mbili au tatu.

Kila swali liwe limetatuliwa na waamuzi angalau wawili ambao hawakuonyeshana majibu. Hii ndiyo hatua inayorukwa mara nyingi, na adhabu yake huonekana hadharani, dakika ya 90, timu bora inapokataliwa mara nne kwa jibu sahihi kwa sababu majaribio ya siri yana kosa. Likitokea, rekebisha data, hukumu upya majibu yote ya swali hilo kwa timu zote, tangaza. Swali lenye majibu mengi halali linahitaji programu maalumu ya kukagua, na la desimali liwe na kiwango cha tofauti kinachokubalika, kilichoandikwa kwenye swali lenyewe. Tahadhari pia na faili zilizoandaliwa kwenye Windows. Alama za mwisho wa mstari zinatofautiana na za Linux na huvuruga usomaji wa maneno.

Timu ikiuliza ufafanuzi, majibu halali ni mawili: "soma swali tena", au ufafanuzi unaotumwa kwa timu zote kwa wakati mmoja. Mwamuzi anayekwenda mezani kunong'ona, hata kwa nia njema, ametoa zawadi kwa timu moja.

Simu, saa janja, vikokotoo na flashi zibaki nje kwenye bahasha zenye majina. Mtandao wa ukumbi uishie kwenye seva ya shindano tu. Kukata intaneti kwa ukamilifu kunamaliza habari ya ChatGPT na ndugu zake bila haja ya mtu kuchungulia skrini. Toleo la mtandaoni, lililoenea wakati wa UVIKO-19, ni hadithi nyingine: kamera inaonyesha nyuso, haionyeshi simu iliyo mapajani. Kwa mchujo wa kufanyia mazoezi linafaa. Kwa kuamua nani anapanda ndege, halifai, na chuo kisichokuwa na ukumbi wa kutosha timu 15, ni bora kiazime maabara ya jirani.

Siku moja kabla, lazima pawe na zoezi la saa moja au mbili. Hapo timu inajaribu kila kitu: printa, ombi la ufafanuzi, mpangilio wa vitufe vya kibodi, ukubwa wa rafu ya kumbukumbu (stack) inayopewa programu, na kutuma makusudi programu isiyoisha ili kuona mfumo unajibu nini. Timu zinazotumia zoezi hili kupiga picha zinajutia kesho yake.

Saa ya mwisho ubao hugandishwa. Kwa kawaida timu huendelea kuona hukumu zao wenyewe lakini hazioni za wengine. Maputo, ambayo timu hupewa moja kwa kila swali ililopata na kila rangi ni swali moja, mara nyingi husimama pia. Ni desturi nzuri kwa msisimko, na kwa mshiriki ina maana moja: usihesabu cheo, hesabu dakika. Dakika kumi za mwisho tuma chochote chenye nafasi ya kupita, kwa kuwa swali lisilopatikana halina adhabu.

Zawadi, basi. Fainali ya dunia hutoa medali kwa timu 12 za juu: dhahabu nne, fedha nne, shaba nne, na waandaaji wanaweza kuongeza shaba. Yupo bingwa wa dunia na mabingwa wa maeneo, na anayepata swali kwanza hutambuliwa. Hakuna mahali pa kutajirikia hapa, na chuo kinachopanga bajeti kwa kutegemea zawadi kimekosea hesabu. Mzigo halisi ni nauli na viza za watu wanne, watatu na kocha, na viza huweza kuiangusha timu ya Afrika hata kabla ya maswali. Pasipoti ziombwe siku ya kusajili timu, siyo siku ya kufuzu. Kwa mchujo wa ndani, zawadi inayofanya kazi ni kulipiwa safari ya ngazi inayofuata. Laptopu moja kwa timu ya watu watatu ni zawadi ya kugombanisha.

Waandaaji wakimaliza, waachie hadharani maswali, majaribio ya siri na maelezo ya majibu. Maswali ya fainali za dunia yako wazi kwenye tovuti ya mazoezi ya Kattis, na seti nyingi za kanda ziko kwenye tovuti ya Codeforces, sehemu ya Gym. Timu iliyorudi nyumbani na maswali manne kati ya 12 imebakiwa na manane, na wiki ya kuyatatua ni hiyo hiyo, watatu wakiwa bado wanakumbuka walikwama wapi.